Nguo na mablanketi ya mtoto mchanga msimu wa joto Kisumu: dalili, chanzo na la kufanya

Nauza nguo za watoto katika soko la Kibuye, nyingi zikiwa mitumba, na kila mwaka kati ya Januari na Machi akina mama hunirudia na malalamiko yale yale. Mtoto anatoka jasho shingoni. Mtoto ametoka vipele. Mikono yake ni baridi ilhali nje jua linachoma. Dani yake, yaani nyanya yake, amekuja kutoka mashambani na blanketi la manyoya, na sasa nyumbani hakuna masikilizano. Nimeyapanga hapa kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi, kwa sababu mama wa mtoto wa wiki moja hana nafasi ya kusoma kutoka mwanzo hadi mwisho.

Haya yote ni ya mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni na anayenyonya vizuri. Aliyezaliwa kabla ya wakati, au akiwa chini ya kilo 2.5, hupoteza joto upesi, na mavazi yake ni ya kuulizia kwa muuguzi. Mara nyingi mtoto huyo hubebwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, hata iwe Februari.

Kwanza, jua pa kumgusa

Mikono na nyayo za mtoto mchanga hazisemi kweli. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo yake, kisha weka kiganja kifuani au katikati ya mgongo, chini ya nguo. Ngozi ikiwa kavu na yenye uvuguvugu, mwache alivyo. Ikiwa na unyevu au inachoma, punguza nguo moja. Kifua kikiwa baridi, ongeza. Baada ya kupunguza au kuongeza, ngoja kama robo saa ndipo umguse tena, kwa sababu mwili mdogo nao unahitaji muda.

Kipimajoto cha kwapani kinafaa kuwa ndani ya nyumba kabla mtoto hajafika. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya 36.5 na 37.5. Mama akinijia na pesa za kitu kimoja tu, kipimajoto au blanketi la pili, namwelekeza duka la dawa.

Kuhusu idadi ya nguo, kipimo changu ni hiki: mtoto avae nguo moja zaidi ya zile zinazokutosha wewe katika chumba hicho hicho. Saa nane mchana chini ya mabati katika mitaa kama Nyalenda au Manyatta, hata hiyo moja ya ziada huna haja nayo. Nepi na fulana nyepesi ya pamba zinatosha.

Dalili: shingo imelowa jasho, uso umeiva, analia bila kutulia au amelala kwa uzito usio wa kawaida

Chanzo cha kwanza, na kinachoongoza kwa mbali, ni nguo nyingi. Nalijua hili kwa mtoto wangu wa kwanza. Nilimpeleka kliniki akiwa na siku kumi na mbili, katikati ya Februari, na muuguzi akaanza kumvua huku akiziweka nguo mezani moja moja: kofia ya sufi, shali, sweta, ovaroli, fulana, soksi. Alipofika kwenye fulana ilikuwa imegandamana na mgongo, na mshono wa ovaroli ulikuwa umejichora begani kama kamba. Muuguzi hakunigombeza. Alichukua mkono wangu akauweka pale mgongoni na kusema, "Mama, sikia mwenyewe." Sijasahau ule unyevu.

Nilikuwa nimemfunika kwa hofu ya nimonia, hofu ambayo karibu kila mama wa huku anayo, na ina sababu, maana ugonjwa huo umezika watoto wengi. Lakini nimonia huletwa na vijidudu vinavyoingia kwenye mapafu. Fulana moja ndani ya nyumba yenye joto hailaumiwi. Moshi wa jiko na mgeni mwenye mafua anayembusu mtoto ni hatari kubwa kuliko mikono iliyo wazi.

Chanzo cha pili ni kofia ndani ya nyumba. Kichwa ni sehemu kubwa ya mwili wa mtoto mchanga, na ndicho anachotumia kutoa joto. Kofia ina kazi yake saa za kwanza baada ya kuzaliwa, alfajiri na safarini. Mchana ndani ya nyumba, ivue. Wakati wa kulala pia ivue, kwani inaweza kumteremkia usoni.

Cha tatu ni kitambaa chenyewe. Blanketi la manyoya laini ambalo kila mtu hupenda kuleta zawadi aghalabu ni poliesta, na poliesta hainywi jasho. Kama lebo imekatwa, jambo la kawaida kwa mitumba, dondosha tone la maji: pamba hulinywa, poliesta mara nyingi huliacha limekaa juu. Ukitaka hakika zaidi, chomoa uzi mmoja kwenye upindo, utoke nao nje, uushike kwa koleo na kuuchoma. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kubaki jivu, wa poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kijitone kigumu.

Cha nne ni nyumba. Mabati yasiyo na dari hupika chumba kuanzia adhuhuri. Hamisha kitanda mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, fungua dirisha na mlango hewa ipite, au mlaze kwenye chumba kingine hadi jioni. Feni inaruhusiwa mradi isimpulizie moja kwa moja. Kivuli cha mwembe ni kizuri kuliko vyote, ukikaa naye.

La kufanya: mvue, mlaze hewani kivulini, mnyonyeshe mara nyingi. Usimpe maji. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji, hata kwenye joto la Kisumu, na maji ya mtungi yanaweza kumletea ugonjwa.

Acha hapo uende hospitali ikiwa umemvua, amepumzika nusu saa, na kipimajoto bado kinasoma zaidi ya 37.5. Ikisoma 38 usingoje hiyo nusu saa. Huku ziwani watu hukimbilia kusema ni malaria na kununua dawa dukani, lakini homa kwa mtoto wa chini ya miezi miwili inaweza kuwa maambukizi ya damu, na mtoto wa umri huo hatibiwi kwa kubahatisha. Vivyo hivyo akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, akishikwa na degedege, au akiwa hashtuki mpaka umtikise.

Dalili: mikono na miguu baridi, pengine na rangi ya samawati kidogo

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake mara nyingi ni kwamba hakuna tatizo. Siku za mwanzo damu ya mtoto hukimbilia viungo vya ndani, na ncha za mwili hupata kidogo. Gusa kifua. Kikiwa na joto, muache na mikono yake. Soksi nyepesi zinatosha ukitaka. Vifuko vya mikono simkatazi mtu, ila mtoto hutumia mikono kutafuta titi na kukuonyesha kwamba ana njaa, kwa hiyo mvue vifuko hivyo wakati wa kunyonya.

Kifua nacho kikiwa baridi, angalia kwa mpangilio huu. Nepi imelowa? Nywele zilikaushwa baada ya kuoga? Amelazwa karibu na dirisha? Kisumu hudanganya: mchana unatafuta kivuli, halafu jioni mvua ya radi inashuka ghafla, na kufikia saa kumi alfajiri upepo unaoshuka kutoka milima ya Nandi umepoza chumba. Fulana iliyomfaa saa tatu usiku haimfai saa hiyo. Kwa hiyo usiku weka rompa (vazi la kipande kimoja) ya mikono mirefu karibu na kitanda, na ukiamka kunyonyesha umguse shingo kabla hujamrudisha.

La kufanya akiwa baridi: mvue abaki na nepi na kofia, mlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi, ufunike migongo yenu kwa leso na shali, umnyonyeshe. Njia hii inashinda blanketi lolote nililowahi kuuza. Usitumie chupa ya maji moto wala kumsogeza kwenye jiko. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeua familia nzima nzima zikiwa usingizini.

Pima tena baada ya saa moja. Ikiwa hajafika 36.5, nenda hospitali ukiwa umembeba hivyo hivyo kifuani. Ikiwa iko chini ya 35.5, au amelegea na hanyonyi, usisubiri hiyo saa. Mtoto mchanga mwenye maambukizi makali anaweza kuwa baridi badala ya kuwa na homa, na hapo ndipo wengi hukosea.

Dalili: vipele

Vipele vidogo vyekundu shingoni, kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja na pale mgongo unapolalia godoro ni vipele vya joto. Vijitundu vya jasho kwenye ngozi vimeziba. Punguza nguo, muogeshe kwa maji ya vuguvugu yasiyo na sabuni nyingi, mkaushe kwenye mikunjo kwa kugusagusa bila kusugua, na umwache na nepi tu kwa muda. Vikipata hewa huanza kupungua katika siku mbili tatu. Poda naikataa moja kwa moja: vumbi lake huingia mapafuni, na ikichanganyika na jasho huwa tope ndani ya mikunjo. Mafuta mazito ya mgando nayo huziba zaidi wakati wa joto.

Kama vipele vimetokea siku ya pili hadi ya tano baada ya kuzaliwa, mabaka mekundu yenye kijidoa cheupe katikati, yanayohama kutoka kifuani hadi mgongoni, na mtoto ananyonya na hana homa, hiyo ni hali ya kawaida ya watoto wachanga na huondoka yenyewe.

Vikiwa mahali ambapo nguo inagusa, shuku sabuni. Ufuaji wa huku hutumia sabuni ya unga kwa wingi na maji kwa kubana, hasa siku mifereji inapokauka. Tumia sabuni kidogo ya mche, suuza mara mbili au tatu hadi maji yatoke meupe, na uache ile dawa ya kulainisha nguo.

Nguo za mitumba, hata zile za kamera, yaani za daraja la kwanza, ninazochagua alfajiri marobota yakifunguliwa, zimesafiri na kukaa ghalani kwa miezi. Nguo yoyote ya mtumba iloweke, ifue kwa maji moto, ianike juani na uipige pasi kabla ya kumvisha. Pasi ina sababu nyingine: kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa, hasa chini kwenye nyasi, na buu lake huingia ngozini na kutoa uvimbe kama jipu lenye tundu katikati. Pasi ya moto kwenye mishono humaliza mayai. Uvimbe wa namna hiyo usiukamue nyumbani.

Nenda kliniki vipele vikiwa na usaha, vikiwa na malengelenge ya maji, au ngozi ikiwa nyekundu, moto na inaenea. Usaha kwa mtoto mchanga ni dharura hata akiwa mchangamfu.

Dalili: ngozi au macho kugeuka manjano

Utashangaa hili linaingiaje kwenye mambo ya nguo. Watoto wengi huwa manjano kidogo kuanzia siku ya pili au ya tatu, na wengi hupona kwa kunyonya vizuri. Lakini kuna chanzo kimoja kinachotoka sandukuni. Nguo za mtoto zilizotunzwa na nyanya tangu mjukuu wa mwisho mara nyingi huwekewa vile vidonge vyeupe vya nafthalini, vya kufukuza nondo na mende. Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi inayopatikana sana katika maeneo ya malaria kama haya yetu ya ziwani. Mtoto wa aina hiyo akipumua mvuke wa nafthalini au ukimgusa ngozini, chembe nyekundu za damu huvunjika, na unjano hupanda haraka hadi kuweza kudhuru ubongo. Kwa kumtazama huwezi kujua kama mtoto wako ni mmoja wao.

Kwa hiyo vidonge hivyo visiwe ndani ya chumba cha mtoto mchanga hata kidogo. Nguo zilizokaa navyo zifuliwe zaidi ya mara moja na zianikwe siku kadhaa. Harufu ikibaki, ziweke kando, asivishwe. Ukimwambia dani, mwambie kwa heshima na umpe sababu, kwa maana alizitunza kwa upendo: "Mama, daktari amekataza dawa ya nondo kwa mtoto, tuzifue upya." Atakuelewa.

Mwangalie mtoto kwenye mwanga wa mchana, karibu na mlango. Pazia la njano au nguo ya njano hudanganya macho. Kumwanika juani si tiba ya kutegemea, na jua la Februari litamchoma bure. Hospitali mara moja kama unjano umetokea ndani ya saa 24 za kwanza, umefika viganjani na nyayoni, amelegea, au mkojo ni wa rangi ya chai.

Dalili: alama za kubanwa, kidole kilichovimba

Lastiki ya kiunoni ikiacha mfereji mwekundu usiotoweka upesi, nguo ni ndogo. Panda saizi moja, au ukate lastiki. Nepi na daipa zikunjwe chini ya kitovu hadi kikauke na kudondoka. Ngozi inayozunguka kitovu ikiwa nyekundu, ikivimba au ikitoa usaha wenye harufu, mpeleke siku hiyo hiyo.

Kuna moja ambalo ni adimu, nalo hunifanya nigeuze kila soksi ninayouza. Ndani ya soksi na vifuko vya mikono hubaki nyuzi ndefu zilizolegea, na uzi mmoja, au unywele wa mama, unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kukikaza. Mtoto atalia usiku kucha na hakuna atakayejua. Akilia bila sababu, vua soksi, tenganisha vidole kimoja kimoja kwenye mwanga. Geuza soksi ndani nje, kata nyuzi zote. Ukikuta uzi umezama na huwezi kuutoa kwa urahisi, usichokonoe kwa wembe. Panda boda uende, kidole kinaweza kufa kwa saa chache.

Dalili: blanketi linaishia usoni, au hataki kulala amefungwa

Mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu lililonyooka, bila mto, bila blanketi lililolegea karibu na uso. Wakati wa joto leso moja nyepesi inatosha, ifike kwapani na pindo zichomekwe chini ya godoro. Ukimfunga, funga kifua kwa wastani, vidole viwili vyako vipite, na miguu iachwe ikunjike na kupanuka kama ya chura. Kuinyoosha na kuikaza miguu hudhuru nyonga. Siku atakapoonyesha dalili ya kujigeuza, acha kumfunga kabisa.

Wengine huniambia neti ndiyo inayomtia mtoto joto, kwa hiyo wameiondoa. Tafadhali irudishe. Kanda hii ndiyo yenye malaria nyingi zaidi nchini. Neti ikionekana nzito, inua pembe zake juu zaidi, iondoe kwenye ukuta, na utoe pazia nene dirishani.

Dalili: alikuwa sawa Kisumu, akifika Nakuru anabadilika

Wengi huwapeleka watoto wakaonwe na shosho (nyanya) huko Njoro, Molo au Nakuru mjini. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru kama 1,850, na katikati barabara hupanda Kericho, Londiani na Mau Summit ambako baridi ni ya kweli mwezi wowote. Mtoto huondoka na fulana, akifika analia, miguu imekakamaa.

Mvishe nguo nyepesi kadhaa badala ya moja nzito: fulana, rompa, sweta ya kufungua mbele, na kofia kwenye mkoba unaofikika. Blanketi la manyoya la zawadi limepata kazi yake hapa. Ukiwa ndani ya matatu iliyojaa, mguse shingo kila mji, maana joto la abiria na mwili wako humpika mtoto chini ya shali, na usimfunike uso kwa kuogopa upepo. Fungia nguo zenye unyevu kwenye mfuko mwingine.

Usiku wa Nakuru ongeza rompa nzito na soksi, chumba kifungwe upepo lakini jiko libaki nje. Mkirudi, mkishapita Kapsoit anza na kofia, na mkifika Awasi vua sweta, kabla shingo haijaanza kulowa.